Kibao cha Zakaria

Kama unayo Biblia karibu nawe, fungua Injili ya Luka, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 57. Kama huna, usijali. Sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Elisabeti amejifungua mtoto mwanamume katika uzee wake. Siku ya nane jamaa na majirani wamekusanyika ili mtoto atahiriwe, na kama ilivyo desturi ya jamaa na majirani, wamekuja na jina tayari. Mtoto ataitwa Zakaria, jina la baba yake. Mama anasema hapana, ataitwa Yohana. Hawamsikilizi. Wanamjibu kwamba katika ukoo wake hakuna mtu wa jina hilo. Ndipo wanamgeukia baba, ambaye kwa miezi mingi hajatamka neno, nao wanamwashiria. Nimejiuliza mara nyingi juu ya ishara hizo. Malaika alimwambia Zakaria kwamba hataweza kusema. Sioni mahali alipomwambia kwamba hatasikia. Lakini ndivyo sisi watu tulivyo: asiyesema tunadhani hasikii, na asiyesikia tunadhani hana akili. Zakaria hakukasirika. Aliomba kibao, akaandika jina la mwanawe.

Angalieni jambo moja hapo. Ulimi wake ulifunguliwa baada ya kuandika, si kabla. Neno lake la kwanza baada ya kimya kile kirefu halikutoka kinywani, bali lilitoka kwenye kibao, na hakuna jirani aliyesema kwamba neno la kibao si neno. Leo nataka tuzungumze habari za kibao hicho, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mimi ni msaidizi katika tiba ya usemi. Wengi hawajapata kuisikia kazi hiyo, na ninapoitaja huniuliza kama ninafundisha Kiingereza. Hapana. Yuko mtaalamu aliyesomea usemi, lugha na kumeza. Yeye ndiye anayempima mgonjwa, anayesema kasoro iko wapi, na anayepanga tiba. Mimi ninayachukua yale aliyoyapanga na kuyapeleka nyumbani kwa mgonjwa, juma baada ya juma. Ninafanya mazoezi naye, ninamwonyesha mama yake, ninaandika katika daftari yale niliyoyaona, na nikikuta jambo nisilolielewa ninarudi kwa mtaalamu. Kuutaja ugonjwa kwa jina si kazi yangu, wala kuahidi uponyaji.

Wataalamu hawa ni wachache mno katika nchi zetu. Kwa miaka mingi aliyetaka kujifunza kazi hii ilimbidi asafiri mbali. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, kule Kampala, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Tunashukuru. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuingia katika kila mlango, na ndiyo sababu tukawapo sisi wasaidizi.

Milango ninayoingia mimi iko Soweto East, Kibera, Nairobi. Vijiji vya Kibera ni vingi, Laini Saba, Silanga, Lindi, Makina, Kianda na vinginevyo, na Soweto East ni kimojawapo. Hapo ndipo serikali na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa walipoanzia mpango wa nyumba mpya. Mwezi wa Septemba mwaka 2009 jamaa za kwanza zilihamishwa kupisha ujenzi, na mwaka 2016 watu wakakabidhiwa funguo za majumba ya ghorofa. Wengine wamepata nyumba humo. Wengine wangali katika vyumba vya mabati ambavyo mtu akinyosha mikono anagusa kuta zote mbili, au karibu. Kwa mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea, kila upande una taabu yake. Huku kuna matope na mitaro, kule kuna ngazi, na mtoto wa miaka kumi na mmoja ni mzito mgongoni.

Nitaanza na uji, maana kazi yenyewe mara nyingi huanzia hapo, wala si katika maneno. Watu hushangaa: msaidizi wa usemi anafuata nini kwenye kikombe cha uji? Lakini viungo vinavyotamka ndivyo vinavyotafuna na kumeza: midomo, ulimi, kaakaa, koo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani yule ambaye ubongo wake uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au muda mfupi baadaye, mara nyingi hawezi kuviongoza viungo hivyo sawasawa. Uji unamwagika. Basi mama humlaza chali mapajani, akamwinua kidevu na kummiminia. Uji unateremka, ndiyo, lakini mwingine unaingia njia ya pumzi. Mtoto anakohoa, macho yanajaa machozi, kifua kinakoroma, na baada ya siku chache ana nimonia. Wako watoto waliozikwa huku watu wakinong'ona kwamba wamerogwa, na kumbe waliuawa na uji ulioingia mapafuni. Simlaumu mama yeyote. Alilisha jinsi alivyoweza, na hakuwako mtu wa kumwonyesha njia nyingine.

Njia nyingine ni hii. Mtoto aketi wima, mgongo wake umeegemezwa, nyonga na magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga kitu. Kichwa kisianguke nyuma; kidevu kiinamie kifuani kidogo. Anayelisha akae mbele yake, uso kwa uso, asisimame juu yake. Kwa watoto wengi wa namna hii uji mzito kidogo ni salama kuliko ule mwepesi kama maji, lakini hilo mtaalamu akuambie mwenyewe baada ya kumwona mtoto. Kijiko kiwe kidogo, kikandamizwe taratibu juu ya ulimi. Kisha ungoje. Ungoje mpaka ameze. Ndipo kijiko cha pili.

Kulisha hivyo huchukua nusu saa, pengine saa nzima, na mama anayetakiwa kuwa amefika Kilimani saa mbili asubuhi kufua nguo za watu hana saa nzima. Nalijua hilo. Kwa hiyo tunamfundisha pia dada wa mtoto, na nyanya yake, na jirani. Na kiti cha kumkalisha wima hakihitaji fedha nyingi. Tunakitengeneza kwa katoni na magazeti yaliyogundishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, kikaanikwa mpaka kikawa kigumu kama ubao. Ufundi huo ulisambaa kutoka Zimbabwe, na fundi yeyote wa kanisani kwako anaweza kujifunza.

Sasa tuje kwenye kibao chenyewe.

Nilipelekwa kwa msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye hakuwa amepata kutamka neno maishani mwake. Mama yake, mtu wa sala na mwenye bidii, aliniambia mbele ya mtoto, "Huyu haelewi chochote, mwalimu. Ni wa kuoshwa na kulishwa tu." Nilichukua kikombe mkono huu na kitana mkono huu, nikauliza, "Kikombe kiko wapi?" Halafu nikanyamaza. Tumefundishwa kuhesabu moja mpaka kumi moyoni bila kusema neno, na niwaambie, kumi ni mbali sana. Mama alitaka kumsaidia. Kaka yake alitaka kujibu. Nilipofika saba hivi macho ya mtoto yalianza safari, polepole, kichwa kikitetemeka, yakatua kwenye kikombe. Mama akasema ni bahati. Tukabadilisha mikono, tukarudia kwa kijiko, kwa sabuni, kwa redio. Haikuwa bahati.

Miezi kadhaa baadaye alikuwa na kibao cha picha kumi na mbili, nilichokichora kwenye kipande cha katoni na kukifunika kwa karatasi ya nailoni. Kilikuwa na kikombe, choo, kitanda, mama, redio, kanisa, nyumba ya jirani aliyemtunza mama akienda kazini. Na maneno manne yaliyokuwa na rangi: ndiyo, sitaki, naumwa, tena. Kadi zilizochapishwa Ulaya ni nzuri, lakini zina theluji, na mtoto wa Soweto East anahitaji jerikeni. Alikigusa kibao kwa ngumi, kwa kuwa vidole havikufunguka. Na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "sitaki". Wazazi wengi hilo huwaudhi. Wanasema tumemfundisha mtoto kiburi. Lakini fikiri: miaka kumi na mmoja watu wamekuvalisha, wamekulisha, wamekubeba, wamekulaza, na hujapata hata siku moja kuulizwa.

Siku moja aliweka ngumi kwenye "sitaki", kisha kwenye nyumba ya jirani. Mama alidhani anacheza. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu aliongeza "naumwa". Siku hiyo mama hakwenda kazini.

Sitaeleza hapa redioni yaliyogunduliwa hospitalini. Nitasema tu kwamba watoto wasioweza kusema wamo katika hatari kuliko wengine, kwa sababu mtu mwovu anajua kwamba hawataweza kumshtaki. Wazee fulani walimshauri mama alinyamazie jambo hilo, wakisema mtoto asiye na ulimi hawezi kuwa shahidi. Hawakusema kweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kijinsia inamruhusu shahidi wa namna hiyo kutoa ushahidi kwa msaada wa mtu wa kati, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inaipa mahakama uwezo huo huo kwa mlalamikaji au mshtakiwa. Mtu wa kati kazi yake ni kumwezesha shahidi aeleweke. Hapewi ruhusa ya kusema badala yake, wala kuongeza neno.

Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii, tena gumu zaidi kwa mtu mwenye huruma. Ukimwona mwenzako anahangaika na neno, unataka kumtolea. Tunapenda kuwa Haruni. Musa alikuwa mzito wa kusema, na Haruni akawa msemaji wake, na wengi husimulia habari hiyo kana kwamba ndiyo msaada ulio bora. Lakini kumbukeni kwamba Haruni huyo huyo mwenye ulimi mwepesi, Musa alipokawia mlimani, aliwatengenezea watu ndama. Na kitabu cha Kumbukumbu la Torati karibu chote ni hotuba za Musa mwenyewe, yule mzito wa kinywa.

Kuna jambo jingine linalohitaji uangalifu, nalo ni kumpa ugonjwa mtu asiye mgonjwa. Mtoto wa Soweto East anasikia Kiluo cha nyanya yake, Kikamba cha chumba cha pili, Kiluhya cha kisimani, Kinubi akipita Makina, Kiswahili cha shule na Sheng ya wenzake. Anayesema "sule" badala ya shule huenda hana kasoro yoyote ila kwamba Kiluo, lugha ya mama yake, hakina sauti hiyo. Anayeandika kwa "karamu" badala ya kalamu pengine ni Mkikuyu tu, naye anastahili karamu hiyo. Swali la kwanza tunalouliza ni hili: katika lugha ya nyumbani kwake, anatamka sawasawa na wenzake wa umri wake? Kama ndivyo, arudi darasani kwa amani. Someni Waamuzi sura ya 12, mwone jinsi watu wa Gileadi walivyosimama vivukoni mwa Yordani na kuwapima Waefraimu kwa neno moja, Shibolethi, na jinsi walivyouawa watu 42,000 kwa vita ile na kwa sauti ile iliyowashinda kuitamka. Sisi tuliokuwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 hatuhitaji kufafanuliwa jinsi lugha ya mtu inavyoweza kupimwa njiani.

Si watoto tu. Wako wazee wetu waliopatwa na kiharusi, mkono wa kuume ukalegea, na maneno yakapotea. Kwa watu wengi maneno hukaa katika upande wa kushoto wa ubongo, na damu ikikosa kufika huko, mtu aweza kuelewa yote unayomwambia asipate neno la kuomba maji. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa hawezi kunisalimu, lakini siku ya Jumapili aliimba wimbo mzima, beti zote, kwa maneno yake. Washirika wakaanza kusema kwamba anajifanya. Hajifanyi! Wimbo una njia zake katika ubongo, nazo huenda zikabaki salama njia ya maneno ya kawaida ikiharibika. Mwaka 1973 matabibu wa mji wa Boston, Marekani, walitangaza tiba waliyoijenga juu ya jambo hilo: mgonjwa anafundishwa kuimba maneno mafupi ya kila siku huku akipigapiga polepole kwa mkono wa kushoto, kisha sauti ya wimbo inapunguzwa kidogo kidogo. Mzee wetu alianza kwa kuimba "naomba maji". Mkewe alicheka mpaka akalia. Tenzi mlizozijua tangu utoto mziimbe pamoja na mgonjwa, tena mara nyingi.

Na wenye kigugumizi? Karibu mtoto mmoja katika ishirini hupitia kigugumizi kwa muda, na wengi wao hukiacha. Kati ya watu wazima hubaki yapata mmoja katika mia. Hakiletwi na kutekenywa, wala na woga, wala na laana ya babu. Mwimbishe mwenye kigugumizi katika kwaya, utaona hakwami. Kisha mpe somo asome peke yake, akwame, na kanisa zima limmalizie sentensi. Msimmalizie. Wala msimwambie "pole pole, vuta pumzi", maana amekwisha kuambiwa hivyo tangu utoto na haikumsaidia. Mtazameni usoni, mngoje. Mtawala wa Yorki aliyeizuru Kenya mwishoni mwa mwaka 1924, ambaye baadaye aliitwa Mfalme George wa 6, alikuwa na kigugumizi kikali. Alianza mwaka 1926 kufanya mazoezi na Lionel Logue, Mwaustralia ambaye hakuwa daktari, na mwaka 1939 vita vilipotangazwa ndiye aliyelihutubia taifa lake kwa redio. Alisitasita. Waliomsikiliza walingoja.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mtoto asiyeshtushwa na sauti, asiyetoa sauti za kuchezea anapokaribia mwaka mmoja, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, au anayepaliwa kila anapokula, msingoje aanze shule. Mpelekeni kliniki. Mwulizeni mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu. Viko pia vituo vya Wizara ya Elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu aweza kuwaelekeza. Mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura au kaakaa lililo wazi hufanyiwa upasuaji, na ni vema aonwe mapema, angali mchanga. Wala msimpeleke mtoto kwa mkata kimeo. Kile kinyama kooni hakizuii usemi, na wako waliotokwa damu mpaka wakafa.

Na wenye magazeti ya zamani na katoni za maduka, msizichome. Wapeni walimu wenu wa shule ya Jumapili, wakate picha za sufuria, jerikeni, matatu, kuku, mwavuli na choo. Picha ya choo ni ngumu kupatikana, na ndiyo inayoombwa kuliko zote, Soweto East na kwa wenzetu wa Kawangware pia. Kwaherini.